Doh Mbili za Mzee Odongo

Walimu wenzangu vijana, mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha muziki. "Yale ya maana tu, Madam," mlisema. Sijui kama haya ndiyo mliyotaka. Vyeo sitaviandika, kwa sababu nilipandishwa mara mbili na mara zote mbili barua ilikuja imekosea jina langu. Mshahara mnaujua. Nitaandika kuhusu piano moja, mzee mmoja, na kitu nilichokiharibu kwa wembe Jumapili moja mchana nikiwa na akili zangu timamu.

Nilifika shuleni kwetu, hapa karibu na Chepilat, mvua ikinyesha, jambo ambalo huku si habari. Mwalimu mkuu wa wakati ule, mama mkali wa viatu vya kisigino ambavyo vilizama kwenye matope kila hatua ya tatu, alinipeleka moja kwa moja bwaloni. Piano ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, na juu ya kitambaa kulikuwa na sufuria mbili, vikombe vya wageni na katoni ya sabuni. "Hii ndiyo idara yako," akaniambia. Nikaondoa vikombe, nikafungua, nikabonyeza C ya katikati. Ikashuka, haikurudi. Nikabonyeza ya pili yake. Nayo ikabaki huko chini. "Imelala hiyo," akasema, "wewe iamshe." Kisha akaenda zake mkutanoni.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa mengi kuhusu watu wa Ulaya waliokufa, lakini hakuna aliyenifundisha unyevunyevu. Mbao huku zinakunywa maji kama ng'ombe. Nilikaa mbele ya ile piano wiki nzima nikivuta vibao juu kwa kucha, mpaka mpishi akanionea huruma. "Mwite Odongo wa boila," akasema. "Huyo ndiye anacheza kinanda cha kanisa."

Mzee Odongo wakati huo hata hakuwa mzee, hajafika hamsini. Wazazi wake walitoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya majani chai, na yeye akakulia kambini. Kazi yake kwenye kiwanda cha chai ilikuwa boila: kutia kuni, kuangalia mvuke, kupiga king'ora cha kubadilisha zamu. Baba yake alikuwa mpishi wa meneja mmoja Mzungu, na mke wa meneja ndiye aliyemfundisha Odongo piano akiwa mdogo, sijui kwa kumpenda au kwa kukosa la kufanya. Walipoondoka, alimwachia sanduku la vitabu vya muziki. Shule aliishia darasa la saba.

Alikuja Jumamosi kwa baiskeli, na mfuko wa gunia begani. Ndani kulikuwa na spana aliyoichonga kwa tupa mpaka ikashika misumari ya kukaza nyaya, kipande cha tyubu ya trekta cha kunyamazisha waya mmoja wakati anasikiliza mwenzake, na bulbu ya wati arobaini. Bulbu aliifunga ndani ya piano, chini kabisa. "Iwake masika yote," akasema. "Mkizima, mimi sirudi." Mkisahau yote niliyoandika hapa, hili la bulbu msilisahau. Na msiweke zile za kuokoa umeme, hazina joto, zitaangazia tu panya.

Tangu siku hiyo aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, na mimi Mkipsigis wa watu nikaitika. Alinifundisha kutyuni kwa masikio, yaani kulinganisha sauti za nyaya. Nyaya mbili zikiwa karibu kulingana zinatetemeka, wa-wa-wa, na mimi nilikuwa na haraka ya kukaza mpaka mtetemo uishe. Alinipiga mkono kwa spana, polepole lakini nilisikia. "Nyara, ukisikia watu wanagombana usikimbie kuamua. Kwanza jua wanagombania nini." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Kuyaandika niliyaandika.

Kazi nyingine sitaisimulia yote. Kulikuwa na mwaka ambao kwaya nzima iliimba njiani juu ya lori mpaka mjini Kericho, ikafika kwenye tamasha haina sauti hata moja. Jaji akaandika, "Wanapumua vizuri." Kulikuwa na msichana mwenye sauti kubwa ya kutikisa madirisha na sikio la jiwe, nilimpa ngoma, na mpaka leo ananiletea maziwa kila Krismasi. Vifaa vyangu vilikuwa uma wa kupatia sauti, kalamu ya wino na wembe. Wembe huo ulikuwa wa noti. Kwaya zetu zote zilisoma sol-fa, zile doh, re, mi za kuandikwa kwa herufi, na nakala tuliandika kwa mkono. Ukikosea, unakwangua wino kwa wembe taratibu, unalainisha karatasi kwa kucha, unaandika upya. Nilikuwa na mkono mwepesi sana. Walimu wa shule nyingine walikuwa wananiletea nakala zao niwakwangulie, na mimi nilijisikia kweli.

Sasa tuje kwa lenyewe. Karne iliyopita haijaisha, nilipata mwanafunzi anayeitwa Chepkoech, wa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa Sigor. Alikuwa hajawahi kuona piano kabla ya kuja kwetu, lakini vidole vyake vilikuwa na akili kuliko vyangu. Alifanya mazoezi asubuhi kabla ya uji, wapishi wakigonga masufuria, wala hakukasirika. Mwaka huo tamasha la shule liliweka shindano la piano peke yake, na kipande kiwe kimetungwa na Mkenya. Nikamwambia Mzee Odongo. Akanyamaza wiki tatu. Ya nne akaniletea daftari la mazoezi la kurasa thelathini na mbili, limefungwa kwa karatasi ya kiwandani, na juu ameandika: Prelude na Fugue ya Piano Peke Yake.

"Fugue, Mzee? Umeitoa wapi?"

"Kwa vitabu vya memsab. Niliona wale wa zamani sana waliandika. Nikaona hata wa juzi juzi, wa karne hii yetu, wameandika. Nikajiuliza, kwani boila inazuia nini?"

Kwa msomaji ambaye si wa muziki: prelude ni kipande cha kutangulia tu, cha kufungua mlango. Fugue ndiyo kazi. Sauti moja inaanza na wimbo ikiwa peke yake. Ya pili inaingia na wimbo ule ule, kutoka mahali pengine, na ya kwanza haisimami kuingoja. Mzee aliiita kufukuzana. Ya kwake ilikuwa na sauti mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto. Na kwa sol-fa, juu ya ukurasa unaandika doh iko wapi, halafu kila kitu kinaning'inia kwenye hiyo doh. Ukibadilisha hiyo herufi moja, wimbo wote unahama.

Prelude niliiacha kama ilivyokuwa, kwa sababu niliielewa. Kwenye fugue nikakwama mstari wa kwanza. Mkono wa kulia aliandika Doh ni G. Mkono wa kushoto, Doh ni A. Nikajua amekosea. Kitabu cha chuo kilisema wazi sauti ya pili inaingia kwenye soh ya ile ya kwanza, na soh ya G ni D, hata mtoto wa kidato cha pili anajua. Tena pande zote mbili kubaki na doh mbili tofauti mpaka mwisho, moja jirani ya nyingine! Nikajisemea, maskini, masomo yalimpita.

Chepkoech alikuwa ameshajifunza ukurasa wa kwanza kama ulivyoandikwa. Nilimwambia aache, nirekebishe kwanza. "Lakini Madam," akasema, "inakwaruza, lakini ni tamu." Nikamwambia utamu hauna alama kwenye fomu ya jaji.

Mngeniuliza kwa nini sikumwuliza mwenyewe. Alikuwa kiwandani, nusu saa kwa miguu. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Najua sababu na nitaisema: nilikuwa na diploma. Niliona ni heshima kumsitiri. Nilifikiri nikimwonyesha makosa nitamwaibisha, kwa hivyo nikayarekebisha kimya kimya kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mzee mbele ya wageni.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Nakala zilitakiwa kwa majaji kesho yake, na wakati wa kuandika daftari zima upya haukuwepo. Herufi A niliipiga mstari mmoja mwekundu, nikaandika D. Sauti yote ya kushoto ikahama, ikakaa vizuri kama kitabu kinavyotaka. Lakini kufika katikati, pale sauti mbili zinapokutana na kupandana, mambo yakaharibika kwa sababu ya kule kuhamisha. Mikono ikagongana, noti zikawa hazina mahali. Nikachukua wembe. Nilikwangua baa kumi na moja, yaani vipande kumi na moja vya mapigo, mikono yote miwili, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Juu yake nikaandika zangu, safi, za kufuata sheria. Nilipomaliza nilijipikia chai, nikainywa nikijivunia.

Siku ya tamasha Mzee Odongo alibadilishana zamu, akaja na koti lake la kanisani. Alikaa safu ya pili. Chepkoech alicheza bila kukosea hata mara moja. Jaji, bwana mmoja kutoka Nairobi, alisema hajawahi kuona mtunzi wa mashambani anayejua sheria za fugue namna ile. Tukapewa nafasi ya kwanza. Ukumbi ukapiga makofi, na Mzee naye akapiga.

Nikamkimbilia nje. "Mzee, umeonaje?"

Alinitazama kidogo. "Msichana ana mkono," akasema. Akanishika mkono kama mtu wa ofisini. "Na wewe umefanya kazi safi, mwalimu."

Mwalimu. Sikuisikia. Woi, mimi mwenye masikio ya kutyuni, sikuisikia! Nilidhani ni heshima imepanda. Hakuniita nyara tena tangu siku ile, na mimi ilinichukua miaka mingi kugundua. Aliendelea kuja na spana yake kila masika, akafunga bulbu, akanywa chai, akaenda. Nilipomwomba kipande kingine alisema kazi ni nyingi boila. Alipostaafu, akajenga hapa hapa Chepilat, na tukabaki tukisalimiana sokoni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amenikuta nina wajukuu watatu tayari. Mwaka huu, wiki za mwisho za kazi, nilikuwa natoa vitu kwenye stoo ya muziki nikisaidiwa na Chepkoech. Ndiyo, huyo huyo. Alisoma muziki chuo kikuu, akarudi kufundisha kwetu, na sasa ndiye mkuu wa idara, yaani ndiye anayenitilia sahihi ruhusa. Akalitoa lile daftari chini ya ngoma zilizopasuka. Akafungua, akaona ile A yenye mstari mwekundu. Akakaa chini sakafuni na sketi yake nzuri.

"Madam, huyu mzee alikuwa anaandika doh mbili kwa makusudi."

"Makusudi gani?"

"Hii kitu tulisomeshwa chuo muhula mzima. Mikono miwili, kila mmoja na doh yake, na hakuna anayemfuata mwenzake. Watu wa karne iliyopita waliandika hivyo. Madam, mbona tulibadilisha?"

Alisema "tulibadilisha." Mtoto ana adabu. Alikuwa na miaka kumi na saba wakati ule na hakubadilisha chochote.

Kesho yake nilienda kwa Mzee Odongo na daftari kwenye mfuko wa nailoni. Amepita themanini sasa. Boila imekula masikio yake. La kushoto limekufa kabisa, la kulia unalipigia kelele. Mke wake, Mama Akinyi, akatuletea chai na ndizi. Nilimwekea daftari magotini, nikaweka kidole kwenye ile herufi.

"Mzee, hii doh ya pili. Ulitaka A kweli?"

"Nilitaka A."

"Hukukosea?"

"Nikosee vipi? Pale kazini mimi napiga king'ora chetu. Na kile kiwanda cha ng'ambo ya bonde nao wanapiga chao. Chao kiko juu kidogo. Chetu kinaanza, chao kinaingia, hakuna kinachongoja. Miaka yote hiyo havijawahi kupatana hata siku moja, na watu wanakwenda kazini tu. Nikasema wacha vifukuzane kwa piano." Akanywa chai. "Wewe ukaleta king'ora kimoja."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini, mwalimu? Wewe umesoma. Jaji naye amesoma. Ukumbi wote wanapiga makofi. Nikajiambia, Odongo, kumbe hujui unachofanya."

"Alikuwa na zingine," Mama Akinyi akasema kutoka mlangoni.

"Tano," Mzee akasema. "Nilitaka moja kwa kila doh, zifike kumi na mbili. Hiyo yako ilikuwa ya sita. Zile tano nilitia kwa boila, Jumatatu iliyofuata." Akafikiri kidogo. "Ziliwaka vizuri. Karatasi kavu."

Nililia, na sikujificha. Mama Akinyi akaja akanishika bega. Mzee alingoja nimalize, kwa sababu ni mtu wa subira, na pia kwa sababu hasikii vizuri. Nikamwomba msamaha kwa sauti ya kupiga kelele, na kuomba msamaha kwa kelele ni kitu kigumu, majirani walitoka nje kutazama. Akasema yamepita.

Basi nikafungua katikati, pale nilipokwangua. Mimi na Chepkoech tulikuwa tumeshajaribu: tumeinua karatasi kwenye dirisha, tumepitisha penseli juu yake, tumemulika kwa simu. Mkono wangu ulikuwa mwepesi sana. Haikubaki hata alama. "Mzee, hapa palikuwa na nini?"

Akavaa miwani. Kidole chake kikatembea juu ya baa zile kumi na moja, kikarudi, kikatembea tena. "Hapa ndipo zilikuwa zinakutana," akasema. "Hapa nilifanya kazi kuliko pengine pote. Mwezi mzima." Akavua miwani. "Sikumbuki."

"Hata kidogo?"

"Ningekuwa na masikio ningejaribu. Jaza tu wewe, mwalimu. Mkono wako ni mzuri."

"Hapana," nikamwambia. "Mimi siandiki tena hapo."

Kwa hivyo nakala iliyo kwenye kabati la idara sasa, niliyoandika kwa mkono wangu, ina Doh ni G kulia, Doh ni A kushoto, na katikati baa kumi na moja tupu, zimepigwa mistari yake na hakuna kitu ndani. Atakayeicheza ahesabu, kisha aendelee. Msijaze. Hata ukiwa na digrii ya udaktari, usijaze.

Mlikuwepo siku ya kuniaga, lakini wengi wenu mlikaa nyuma na hamkujua kilichoendelea, kwa hivyo niwaambie. Nilikataa kwaya, nikakataa skiti ya kuigiza, nikaomba kitu kimoja: Chepkoech acheze. Mzee Odongo tulimleta kwa gari, akaketi karibu nami meza ya mbele, sikio zima upande wangu. Prelude ikapita. Fugue ikaanza, mkono wa kulia, halafu kushoto ukaingia na doh yake, na kweli ilikwaruza. Niliona mwalimu mkuu anaangalia piano kama amesikia inahitaji fundi. Mzee aliinamisha kichwa mbele. Kiasi gani alisikia, sijui. Mimi nilisikia yote. Ilikuwa tamu, kama mtoto alivyoniambia nikakataa.

Halafu Chepkoech akafika katikati. Akaondoa mikono, akaiweka magotini, akaanza kuhesabu kimya.

Mnajua desturi yetu. Mtoto akisahau jukwaani hatumwachi aaibike, tunampigia makofi apate moyo. Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza. Wasichana wakafuata, pa-pa-pa, wale wa nyuma wakapiga na miguu, mtu akaita, "Usiogope, Madam, jaribu tena!" Baa kumi na moja zote bwalo lilipiga makofi kwa upendo, na Chepkoech katikati yao, macho yamefungwa, midomo inahesabu.

Mzee alitazama watu wanavyoshangilia. Akanigeukia. "Imeisha?"

Ilibidi nimpigie kelele sikioni, na makofi yalikuwa yamekatika wakati huo huo, kwa hivyo mwalimu mkuu, wapishi na wasichana wote walinisikia.

"Bado, Mzee! Hapo ndipo nilipofuta mimi!"